Mgomba Hauoti kwa Mbegu

Jumapili, jioni.

Baridi ile ile, ukungu ule ule. Mwezi wa saba sisi wa Arusha tunavaa masweta mawili na bado tunalalamika. Mlima haujaonekana wiki nzima. Mgeni akishuka leo stendi anaweza kuapa kwamba mji huu hauna mlima.

Sikwenda kanisani. Baada ya chai nilitoa nje makopo yote ya mbegu, nikayapanga barazani, nikaanza kuyamwaga moja baada ya jingine.

Nilidhani ningekuwa na hasira. Nimejikagua, sioni hasira. Nimechoka tu.

Kama unasoma hapa kwa mara ya kwanza: naishi Elerai, nyumba ya kupanga. Ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, sare za shule na magauni ya harusi za watu wengine. Binti yangu yuko chuo Dodoma. Tangu mwaka jana naishi na Baba.

Baba ni mkulima wa huko juu mlimani, kupita Nkoaranga. Maisha yake yote amelima kahawa na migomba, na kahawa ilipokosa bei, migomba ndiyo iliyotuvalisha na kutusomesha mimi na kaka yangu Anaeli. Mama alipofariki, Baba alibaki pale pale na Anaeli na mkewe. Ndipo kusahau kulipoanza. Au pengine ndipo tulipokuona, maana nadhani Mama alikuwa anamfichia. Alianza kupotea njia. Mara ya mwisho walimkuta sokoni Tengeru, miguu mitupu, anauliza kama kuna aliyemwona ng'ombe wake. Ng'ombe huyo alikufa mimi nikiwa darasa la pili.

Daktari alisema ni ugonjwa wa kusahau wa uzeeni, na kwamba hauna dawa ya kuurudisha nyuma. Anaeli ni fundi ujenzi, hashindi nyumbani. Mimi nashinda nyumbani. Basi Baba akaja kwangu na begi moja na mabuti yake ya shambani.

Kila siku anauliza kitu kimoja: tunaenda lini nyumbani, akaangalie migomba yake?

"Kesho, Baba."

Anaridhika. Anaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa ahadi na mtu mwaminifu. Baada ya muda mfupi anauliza tena.

Asichokijua, na ambacho sikuwahi kuwa na ujasiri wa kumwambia, ni kwamba migomba haipo.

Mnyauko uliingia shambani miezi michache baada ya yeye kuja huku. Majani yalikuwa ya njano, yakalegea kama yamemwagiwa maji ya moto, na ndizi zikaoza kwa ndani zikiwa bado mkunguni. Bwana shamba alikuja akatazama, akasema hakuna cha kupulizia, ng'oeni. Anaeli aling'oa, akazika, akakaa na ardhi tupu kwa muda, kisha akapanda parachichi kama majirani zake. Nilimpigia simu siku ile nikamwambia maneno mabaya. Sasa simlaumu. Ningekuwa mimi ningefanya nini?

Lakini mtu akikuuliza habari za migomba yake kila siku, mara nyingi kwa siku, unaanza kutafuta njia.

Kwanza nilimwomba mama mwenye nyumba nipande mgomba mmoja tu, kule nyuma karibu na karo la kufulia. Akakataa kabla sijamaliza sentensi. Migomba inaleta mbu, inaficha wezi, na mwenyewe ameshawahi kuona ukuta uliopasuliwa na mizizi yake. Nikitaka maua kwenye makopo, ruksa. Shamba, hapana.

Nilimsimulia Elisante. Elisante tunaimba naye kwaya, yeye besi, na kazi yake ni kutunza bustani ya hoteli moja njia ya Usa. Akaniambia iko migomba ya mapambo. Haizidi sana urefu wa mtu, inakaa hata kwenye pipa lililokatwa, na ndizi zake ni za waridi, zina manyoya laini kama kitambaa cha mahameli. Jani lake, akasema, ni jani la mgomba kabisa. Mtu akikaa chini yake hatajua tofauti.

Hilo ndilo lililonishika. Mtu akikaa chini yake hatajua tofauti.

Machipukizi asingeweza kuniletea. Akionekana getini na hata moja, kazi hana. Lakini tunda lililodondoka halimhusu mtu. Karibu na Pasaka akaniletea kichana kidogo kimefungwa kwenye gazeti. Ndizi fupi kama vidole vya mtoto, za waridi kweli, nyingine zimejimenya zenyewe kwa kuiva, ganda limegeuka nyuma na nyama nyeupe iko wazi.

Niliziweka kwenye sahani nikaingia jikoni kutafuta bakuli. Niliporudi Baba alikuwa anatafuna. Nikamwona uso unabadilika polepole. Akaacha kutafuna, akatemea kiganjani, akazigeuza kwa kidole zile mbegu nyeusi.

"Nani ameweka mawe kwenye ndizi?"

Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Yeye naye akacheka, kwa sababu siku hizi anacheka watu wakicheka, na tukawa tunaokota mbegu alizotema. Nilikuwa sijacheka hivyo tangu msiba wa Mama.

Nilipomweleza kwamba hizo ndizo mbegu, na kwamba tutazipanda, alinitazama kwa huruma. Akaniambia kwa Kimeru, kisha akarudia kwa Kiswahili ili nielewe vizuri: "Mgomba hauoti kwa mbegu."

Na kwa migomba yake ana haki. Mgomba wa mshare hauna mbegu, wa kisukari hauna mbegu. Unakata chipukizi kwa mama yake, na akanifundisha lipi la kukata: lenye majani membamba kama upanga, siyo lile lenye majani mapana linalojifanya limekua. Jina la binti yangu limeshamtoka kabisa. Habari za chipukizi hakuruka hata neno.

Elisante alinipa maelekezo kwa simu. Osha utelezi wote utoke. Sugua kila mbegu kwa msasa, kidogo tu, ile ngozi ngumu ipoteze mng'ao maji yapate kuingia. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu, badilisha kila asubuhi. Panda kwenye mchanga na mboji, funika na nailoni, weka mahali penye joto. Halafu usubiri. Zinaweza kuota mwezi ujao, zinaweza kuchukua nusu mwaka, zinaweza zisiote. Hazioti pamoja, akasema, kila moja ina akili yake.

Kazi ya msasa nilimpa Baba.

Wiki ile nataka kuikumbuka. Mimi kwenye cherehani, yeye kwenye kiti chake karibu na dirisha, mbegu kwenye kifuniko cha sufuria, anasugua moja, anaitazama kwenye mwanga, anasugua tena kidogo, anaiweka upande wa zilizokwisha. Mikono yake haikuhitaji kukumbuka kitu. Hakuuliza habari za nyumbani asubuhi nzima. Nilikuwa naogopa hata kukohoa nisije nikamtoa alikokuwa.

Zilipokwisha zote nilimrudishia baadhi ya zile alizokwisha kuzisugua, akazisugua upya. Nilijua ninaziharibu. Nilihitaji saa moja zaidi.

Niseme ukweli, hapa ndipo mahali pangu pa kusema ukweli. Sikuwa napanda maua. Kichwani nilikuwa nimeshaona baraza yote imejaa majani mapana, Baba amekaa chini yake na kofia yake, mvua inagonga juu kama inavyogonga kule kwetu, na yeye ameacha kuuliza.

Nilitaka kumdanganya kwa majani.

Makopo ya siagi na ndoo ndogo za aiskrimu zilijaa juu ya friji, zikajaa kabatini, na moja nikaiweka juu ya king'amuzi kwa sababu kina joto. Masika ikapita. Mwezi wa sita baridi ikaingia na ndani ya makopo hakuna kitu. Nailoni inatoa jasho, udongo unaota utando mweupe, vidudu vidogo vinaruka ukifunua. Wateja wakija kupimwa wanauliza ni nini, nawaambia maua, wanasema maua gani haya ya udongo mtupu.

Baba alikuwa anafukua. Kila asubuhi nakuta vitundu vya kidole kwenye udongo, kama kifaranga amepita akidonoa. Nilimwelekeza, nilimwomba, nilihamisha makopo. Aliyapata. Ukiwa mkulima, na ndani ya nyumba kuna udongo, utakaaje bila kuugusa? Nilikuwa nasawazisha vitundu na kunyamaza, na moyoni nilikuwa sinyamazi.

Halafu wiki mbili zilizopita, Jumatatu, lile kopo la juu ya king'amuzi likaota.

Mche mmoja. Ulikuwa umejikunja kama karatasi iliyozungushwa kwenye kidole, kijani cha kufifia, ncha kali. Nikaupiga picha nikamtumia Elisante, naye akajibu kwa ujumbe wa sauti, anapiga kelele haleluya huko bustanini mpaka nasikia mtu anamuuliza kuna nini. Nikamwita Baba. Akainama, akatazama muda mrefu sana.

"Vizuri," akasema.

Sijui aliona nini. Mimi niliona shamba zima.

Mlango ukagongwa. Alikuwa mteja, mama wa bibi harusi, anataka kupimwa upya kwa sababu amenenepa. Nikampima huku nazungumza na kucheka, nikamsindikiza hadi getini. Niliporudi ndani Baba alikuwa amesimama ananisubiri, mkono ameunyoosha kiganja kikiwa wazi, uso wake umejaa fahari ambayo sikuwa nimeiona tangu aje mjini.

"Nimekupalilia, mama. Majani yalishaanza."

Kiganjani palikuwa na ule mche. Na mzizi wake mweupe. Na mbegu nyeusi bado inaning'inia pembeni, imepasuka, imefanya kazi yake.

Nilipiga kelele. Sijui nilisema yote yapi, lakini nakumbuka nilisema, "Ulikuwa mgomba! Ulikuwa mgomba wako, Baba!" Nikasema tena na tena, kana kwamba kwa kurudia ungerudi. Akarudi nyuma hadi ukutani. Akafunika kichwa kwa mikono miwili, viwiko mbele ya uso, kama mtoto anayengoja fimbo.

Baba yangu. Mzee aliyekuwa akikohoa tu sisi tunakaa sawa.

Baada ya dakika chache alikuwa amesahau kwa nini nilipiga kelele. Hofu hakuisahau. Siku nzima alikaa mbali nami, na mchana alikuja mlangoni mwa chumba cha kushonea, akasimama nje ya kizingiti, akaniuliza kwa adabu, "Samahani, mama. Katika nyumba hii mtu anaweza kupata maji ya kunywa?"

Niliurudisha mche kwenye udongo, nikauegemeza kwa kijiti cha meno. Kabla ya jioni ulikuwa umelala.

Usiku huo nilimpigia Anaeli, nikamwambia namleta Baba nyumbani. Siyo kesho ya uongo. Jumamosi ijayo kweli kweli. Aone mwenyewe, alie, atulaani ikibidi, na mimi niache kusema uongo kila siku.

"Sitaweza kumtazama, dada."

"Hata mimi."

"Basi mlete."

Jumamosi hiyo Baba aliamka na mafua, tukaahirisha. Tukaenda jana.

Nilikodi gari ya jirani. Baba alivaa koti, kofia, na mabuti yake ya shambani, na akaulizia panga lake. Nikamwambia liko huko huko. Njiani alikuwa mtu mwingine. Tulipofika Tengeru akaona mikungu imepangwa chini kando ya barabara, akashusha kioo na kuuliza bei, akasema wanaiba, mshare wenyewe haujakomaa. Dereva alicheka. Mimi nilikuwa najisomea moyoni hotuba yangu: Baba, ulikuwa ugonjwa. Baba, haukuwa na dawa. Baba, Anaeli hakutaka.

Tulipoacha lami na kuanza kupanda, akapandisha kioo.

Anaeli alikuwa amesimama pale kwenye uzio, amevaa shati safi kama anamsubiri mchungaji. Akaja kufungua mlango wa gari yeye mwenyewe.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu," Baba akasema, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Hujambo? Wewe ni wa kwa nani?"

Anaeli akanitazama mimi. Nikatazama chini.

"Ni Anaeli, Baba."

"Jina zuri," Baba akasema.

Tukaingia. Zamani ukiwa barabarani huwezi kuiona nyumba yetu. Ulikuwa unapita chini ya majani mpaka unatokea uani ghafla. Jana niliiona nyumba yote kutoka kwenye uzio, bati lake, dirisha la jikoni lenye kioo kilichopasuka, kila kitu kiko wazi kama mtu aliyevuliwa nguo. Miparachichi imefika kiunoni, imepangwa kwenye mistari. Ni mizuri. Anaeli anaitunza.

Baba alisimama katikati akageuka polepole, pande zote. Nikakaza moyo. Hotuba ilikuwa mdomoni.

"Shamba zuri," akasema. Akasogea karibu yangu, akashusha sauti ili mwenyeji asisikie. "Lakini hawa watu hawana mgomba hata mmoja. Wanakula nini?"



Tukatembea. Pale mfereji unapopita juu ya uwanja kulikuwa na majani yamekwama, maji yanamwagikia pembeni. Baba akainama, akayatoa kwa mkono, akasubiri mpaka maji yakapata njia yake. "Mfereji mzuri huu," akasema. "Kama wa kwetu."

Kaburi la Mama liko pale pale tulipomzika, ila tulimzika kivulini. Sasa msalaba uko peke yake na ukungu unapita juu yake. Baba alipouona akavua kofia. Sijui kama alisoma jina. Alisimama kidogo, kisha akamgeukia Anaeli, mtoto wake wa kwanza, akampa mkono.

"Poleni sana na msiba."

"Asante, Baba," Anaeli akasema. Ukipewa pole unasema asante.

Wifi yangu alikuwa amepika loshoro, kwa ndizi alizonunua sokoni na maziwa ya mgando. Baba alikula vizuri, akasifia. Alipomaliza akafuta midomo, akasimama, akaanza kuaga kama anavyoaga mtu aliyelelewa vizuri: tunashukuru, Mungu awabariki, mmetukarimu. "Sasa mturuhusu. Sisi tunaenda nyumbani, wanatusubiri."

Anaeli akatoka akaenda nyuma ya banda la ng'ombe. Alipokuja kutusindikiza macho yalikuwa mekundu. Akaegemea dirishani kwangu gari likiwa limeshawashwa.

"Bora angenipiga," akasema.

Njia nzima ya kurudi Baba alikuwa anachungulia dirishani, kila baada ya kona anauliza, "Bado?" Dereva aliacha kucheka. Tulipofika Elerai hakutaka kushuka. Alisema siyo hapa. Nikamwambia tupumzike tu kidogo, kisha tutaendelea. Akashuka.

Nimekaa na jambo hili tangu jana na sioni pa kulishika. Niliogopa ataona migomba haipo, ataumia. Nilijiandaa kwa maumivu, nikapanga namna ya kumshika mkono, mpaka vitambaa vya kufuta machozi niliweka kwenye pochi. Kumbe aliona migomba haipo akajua kwamba pale siyo kwake. Na hajakosea. Kwake kuna migomba. Kila siku anaponiuliza lini tunaenda, anauliza kuhusu mahali ambapo majani yamefunga juu, ng'ombe analia, na Mama yuko jikoni. Nilidhani mimi ndiye ninayemzuia asiende. Ningeweza kukodi magari ya Arusha yote nisimfikishe.

Na zile mbegu? Leo asubuhi nikiwa barazani nimejiuliza, hata kama zingeota zote, hata kama mama mwenye nyumba angeniruhusu kufunika uwanja mzima, angekaa chini yake aseme amefika? Pengine dakika moja. Pengine ningeinunua hiyo dakika kwa bei yoyote. Pengine angesema ni mapambo mazuri, kisha aulize wenyewe wanaishi wapi.

Nilimwaga kopo la kwanza kwenye gunia nikachambua udongo kwa vidole. Mbegu nyingi zimeoza. Ukiiminya inatoka kama uji. Nyingine ni ganda tupu, nyepesi, hazikuwa na kitu tangu mwanzo, tulisugua hewa. Zile alizozisugua mara mbili zimelainika kupita kiasi, na hizo najua ni kazi ya mkono wangu. Makopo yote yalikuwa hivyo hivyo.

Baba alivuta kiti akakaa karibu nami, akaanza kuvunjavunja mabonge ya udongo bila kuambiwa. Haniogopi tena. Ama amesahau, ama amenisamehe; kwake ni kitu kimoja.

"Unatafuta nini, mama?"

"Mbegu za mgomba."

Akatikisa kichwa, hakutaka kuniumiza. "Mgomba hauoti kwa mbegu."

"Ndiyo, Baba. Nimeona."

Zilibaki chache ambazo bado ni ngumu. Ukiuma kwa jino hazikubali. Elisante huwa anasema ngumu siyo lazima iwe imekufa. Nimezirudisha kwenye kopo moja na mchanga kidogo, na kopo nimeliacha nje barazani kwenye baridi. Sikulirudisha juu ya king'amuzi. Sijui kama hiyo ni imani au ni uvivu wa kutupa. Sitaki kudanganya mtu humu kwamba nina matumaini. Sina. Nilishindwa tu kuzitia kwenye gunia.

Mchana alilala. Nikashona, nikapika, Anaeli alipiga simu, tukaulizana habari za hali ya hewa.

Jioni hii, saa hii hii ninayoandika, tumewasha taa mapema kwa sababu ya ukungu. Baba amekaa kwenye kochi refu, amejifunika blanketi, mabuti hajavua tangu jana na sikutaka kugombana naye. Akaniita.

"Mama. Kesho utanipeleka nyumbani?"

Neno lilikuwa tayari mdomoni. Nimelisema mara nyingi mno, linatoka lenyewe. Leo halikutoka. Sikuweza pia kumwambia habari za mnyauko na parachichi, maana ingekuwa habari ya shamba la watu wengine.

"Sijui njia, Baba," nikasema.

Akanitazama sana.

"Huijui?"

"Siijui."

Nilingoja alie. Nilingoja asimame aende mlangoni kama anavyofanya. Akafikiri, kisha akasogea pembeni ya kochi, akainua ncha ya blanketi kunipa nafasi.

"Hata mimi siijui vizuri," akasema. "Basi tukae kwanza. Labda atapita mtu tumwulize."

Nimekaa. Naandika haya kwenye simu kwa kidole kimoja, maana mkono mwingine ameushika. Barabarani hapiti mtu.